Jina Jema na Mizani

Katika elimu zinazosomwa siku hizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki mna mbili zilizo ndugu: elimu ya uhusiano wa umma na elimu ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Ya kwanza hufundisha jinsi shirika liwezavyo kusemezana na watu na kupata jina jema kwao. Ya pili huuliza shirika hilo linadaiwa nini na watu wale wale. Kwa mpango wa akili swali la pili lingetangulia, maana hapana awezaye kusema vizuri juu ya deni asilolijua. Lakini aghalabu vyuo hupanga kinyume, na mwanafunzi hujifunza kunena kabla ya kujua anenalo. Mwanafunzi atokaye Kayanga au Nkwenda, akirudi kwao wakati wa likizo na madaftari yake, huona upesi kwamba mambo aliyoyasoma kama habari za Marekani yamo katika shamba la baba yake, tena yamo kwa sura iliyo wazi zaidi. Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hata mwaka 2012, hazina makampuni mengi makubwa. Zina kahawa, ndizi, maharage, mifugo na bati. Huko mdeni na mdai hujuana kwa majina, husali pamoja na kuzikana. Kwa hiyo swali la wajibu haliwezi kufichwa nyuma ya ukuta wa ofisi.

Historia ya elimu hii si ya kujivunia katika kurasa zake zote. Mwaka 1906 Ivy Lee, Mmarekani aliyewahi kuwa mwandishi wa magazeti, alitoa tangazo la kanuni zake, akiahidi kwamba kazi yake itafanywa hadharani na kwamba habari atakazotoa zitakuwa za kweli. Miaka minane baadaye, mwezi wa Aprili 1914, wachimba makaa waliogoma huko Ludlow, Colorado, walishambuliwa katika kambi yao ya mahema. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto 11. Jamaa ya Rockefeller, yenye hisa kubwa katika kampuni ile, ilimwajiri Lee, na katika vijitabu alivyovitawanya mlikuwa na habari zisizokuwa za kweli. Edward Bernays alifuata, na kwa vitabu vyake vya mwaka 1923 na 1928 kazi ya kugeuza nia za watu ikavikwa joho la sayansi. Upande wa wajibu, Howard Bowen aliandika mwaka 1953 juu ya dhima za mfanya biashara kwa jamii. Mwaka 1970 Milton Friedman akashika upande mwingine, akisema kwamba dhima ya biashara ni kuongeza faida yake, maadam inashindana kwa haki bila hila wala udanganyifu. Kisha mwaka 1984 James Grunig na Todd Hunt wakaugawa uhusiano wa umma katika namna nne, kutoka kelele za mpiga debe hata mazungumzo ambayo kila upande u tayari kubadilishwa na mwenziwe. Namna hii ya nne ndiyo isifiwayo darasani. Nje ya darasa ni nadra kama mvua ya kiangazi.

Karagwe ilikuwa na somo lake kabla ya majina hayo yote. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant waliingia katika nchi ya Mukama Rumanyika, ambaye makao yake yalikuwa Bweranyange. Njiani tangu pwani walikuwa wametozwa hongo na watawala wengi, na kucheleweshwa, na kutozwa tena. Karagwe hawakutozwa. Waliambiwa kwamba katika nchi ile wageni hawalipi ushuru, na wakalishwa kwa gharama ya mfalme. Kitabu cha Speke kilichochapwa Uingereza mwaka 1863 kililifanya jina la Rumanyika kuwa jina la uungwana kwa wasomaji wasiojua hata Karagwe iko upande gani wa dunia. Mfalme yule hakuajiri msemaji. Lakini insafu inataka isemwe pia kwamba ukarimu ule haukuwa bila haja. Rumanyika alikuwa na ugomvi wa kiti na ndugu yake Rogero, akamwomba mgeni dawa ya kummaliza. Na wafanya biashara wa pwani waliokuwa na kituo chao Kafuro walikuwa wamekwisha mwonyesha faida ya kupatana na wenye bunduki.

Je, haja ile inauharibu ukarimu ule? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitoa mfano wa mwenye duka asiyemzidishia bei hata mtoto mdogo, lakini afanyaye hivyo kwa kuwa jina la uaminifu humletea wanunuzi. Tendo lake, alisema Kant, ni sawa na wajibu, ila halina thamani ya wema, kwa sababu halikutoka katika wajibu. Hukumu hii ni kali, na walaumu wa makampuni huipenda sana: husema kampuni imetoa madawati ili ipigwe picha, kwa hiyo haikutoa kitu. Lakini hapa mna maswali mawili yaliyofungwa katika kamba moja. Moja ni swali la thawabu ya mtoaji; jingine ni swali la haki ya mpokeaji. Mgeni aliyekula ndizi za Rumanyika alishiba, haja ya Rumanyika iwe ile au nyingine. Mtoto aliyepewa bei ya haki na mwenye duka wa Kant alikwenda nyumbani na senti zake zote. Uchafu wa nia ni hasara ya mwenye nia. Anayetaka kuipima kampuni kwa macho ya yule inayeshughulika naye hana budi kuacha kuchungulia moyoni mwake na kutazama mizani yake.

Na mizani ya Karagwe na Kyerwa ina jina linalojulikana na kila mtu: butura.

Kahawa ya Kagera zaidi ni robusta. Ni mmea wa heshima ya kale katika nchi za ziwa. Tangu zamani matunda yake yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, yakatafunwa, na hata leo mgeni hupewa punje za kutafuna kabla ya mazungumzo. Buni moja ina punje mbili ndani ya ganda moja, na watu waliochanjiana udugu walizila punje hizo zikiwa na damu yao. Mti wa namna hiyo ndio uliogeuzwa rehani. Mkulima apatwaye na ugonjwa nyumbani, au msiba, au haja ya sare na daftari mwanzoni mwa mwaka, hana fedha kwa sababu mavuno yako mbali. Mnunuzi humjia wakati mibuni ingali na maua, au matunda yangali mabichi, akampa fedha taslimu, na mavuno yote ya miti ile yakawa yake. Hiyo ndiyo butura. Serikali imeikataza mara nyingi, viongozi wameitangazia vita mwaka baada ya mwaka, nayo ingali hai, kwa kuwa njaa ya mwezi wa pili haisomi matangazo.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba miti ya mkulima mmoja itazaa magunia manne, naye akayauza yangali maua kwa bei ambayo wakati wa mavuno ingenunua gunia moja na nusu. Mnunuzi akichuma hubakiwa na faida ya magunia mawili na nusu, kutoka kwa mtu huyu mmoja. Kisha shule ya kijiji hubomolewa paa na upepo. Mnunuzi hutoa mabati 40. Mwalimu mkuu humshukuru mbele ya wazazi. Yule mkulima, ambaye watoto wake husoma katika shule ile, hupiga makofi. Kwa elimu ya uhusiano wa umma kazi imefanyika barabara: mtoaji amejulikana, na jamii imepata kitu cha kuonekana kwa macho. Mabati yale ni mema, hapana shaka, na mvua haitauliza yametoka wapi. Illa hesabu ikifanywa tangu mwanzo, mkulima amepigia makofi sehemu ndogo ya kahawa yake mwenyewe iliyorudi ikiwa na jina la mtu mwingine.

Mnunuzi naye ana hoja zake, na si za kupuuzwa. Husema: benki haimkopeshi mkulima mwenye miti hamsini, mimi humkopesha bila hati na bila kumpeleka mbali. Jua likiunguza maua, hasara ni yangu. Bei ikianguka, hasara ni yangu. Nikiacha kununua, mtoto wake atakufa kwa kukosa dawa, na hapana mwanachuoni atakayekuja kumzika. Yote haya ni kweli. Lakini hoja hiyo ikitazamwa vizuri huthibitisha kwamba kazi ya kukopesha yastahili malipo, na malipo yenye kiasi kwa hatari iliyoko. Haithibitishi kwamba shida ya mwenzio ni kipimo cha bei. Mtu aliye mtoni akizama atakubali kuuza ng'ombe wake kwa kamba moja, na atakubali kwa ulimi wake mwenyewe. Kukubali kwake kunaonyesha kwamba anataka kuishi. Hakuonyeshi kwamba kamba ina thamani ya ng'ombe. Friedman mwenyewe, aliyeichukia elimu ya uwajibikaji, aliweka sharti la kutokuwako hila. Waliomfuata wamelisahau sharti lile upesi kuliko walivyosahau maneno yake mengine.

Dawa ya butura ilitazamiwa kuwa ushirika. Chama Kikuu cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950. Serikali ikavifuta vyama vikuu mwaka 1976 na kuweka mamlaka za mazao mahali pake. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake kikuu, KDCU, ambacho vyama vya msingi vya Kyerwa navyo vimo ndani yake. Hapa elimu ya uwajibikaji hukutana na fumbo ambalo vitabu vya Marekani havikulitazamia. Vitabu hivyo huweka kampuni upande huu na jamii upande ule, kisha huuliza huyu ampe nini yule. Lakini chama cha ushirika ni mali ya wakulima. Chama kikijenga darasa na kuandika ukutani kwamba ni msaada wa chama kwa jamii, nani amemsaidia nani? Ni sawa na mkono wa kulia kumpa zawadi mkono wa kushoto na kungoja shukrani.

Fumbo hilo huongezeka katika biashara ya haki, ambayo Kagera iliingia kwa njia ya vyama vyake tangu miaka ya 1990. Mnunuzi wa Ulaya hulipa, juu ya bei ya kahawa, nyongeza ya senti 20 za dola ya Marekani kwa kila ratili. Kati ya hizo angalau senti 5 hutengwa kwa ajili ya ubora na wingi wa mazao, na zilizobaki wanachama huamua wenyewe katika mkutano zifanye nini. Huko Ulaya pakiti ya kahawa husimulia habari ya nyongeza ile kwa sauti ya upole, na mnywaji hujiona amefanya wema. Huku nyumbani viongozi wa chama huizindua zahanati iliyotoka katika nyongeza ile hile, na wao pia hujiona wametoa. Hivyo zawadi moja ina watoaji wawili, na mwenye jasho, ambaye kwa kweli amelipwa bei iliyo karibu zaidi na haki, ndiye anayepewa nafasi ya mpokeaji. Hapana uongo uliosemwa katika mlolongo huu. Ni mpangilio wa maneno tu uliomhamisha mtu kutoka kiti cha mdai hata mkeka wa mwombaji. Na mtu akikaa mkekani muda mrefu husahau kuomba hesabu.

Hesabu ndiyo iliyokuwa na uzito mwaka 2018, serikali ilipoamuru kahawa ipitie katika vyama vya ushirika. Nia iliyotajwa ilikuwa kumwokoa mkulima na walanguzi. Amri ilitangazwa vizuri; lakini palipochelewa malipo, wakulima walinung'unika, na kahawa nyingine iliendelea kuvuka mpaka kwenda Uganda kama ilivyovuka kabla. Kyerwa imepakana na Uganda, na kule Murongo ng'ambo ya Mto Kagera huonekana kwa macho; bei ya ng'ambo haihitaji msemaji. Wakuu walinena juu ya magendo kama maradhi ya uzalendo. Yamkini yamo na hayo, lakini ulikuwamo pia usemi ambao hakuna afisa uhusiano aliyeuandika: mkulima alijibu kwa miguu alipokosa mahali pa kujibu kwa mdomo. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba, wilaya ambayo Karagwe ilikuwa sehemu yake, walizikataa kanuni za serikali ya Kiingereza juu ya utunzaji wa mibuni. Kanuni zenyewe nyingine zilikuwa na manufaa kwa mti. Waliambiwa; hawakuulizwa. Namna ya nne ya Grunig na Hunt ilikosekana miaka 47 kabla ya kupewa jina.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye kipimo cha 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Nchi nzima ilitoa. Makampuni yalileta hundi kubwa za karatasi ngumu, zikashikwa na watu wanne wanne mbele ya kamera. Waliotoa walidhani wanampa mtu aliyelala nje. Baadaye serikali ilieleza kwamba haiwezi kumjengea kila mtu nyumba yake, na kwamba fedha zilizochangwa zitatengeneza shule, zahanati na barabara, ambazo ni za wote. Uamuzi huu una hoja yenye nguvu: shule iliyoanguka nayo ni majeruhi, na kugawa fedha kidogo kwa nyumba nyingi huenda kusimsimamishe hata mmoja. Lakini mtoaji alitoa kwa ajili ya nani? Zawadi iliyotolewa kwa jina la mtu ina amana ndani yake. Kama msimamizi ataka kuigeuza, hata kwa jambo bora, aliye na haki ya kuulizwa kwanza ni yule ambaye jina lake lilitumika kuikusanya. Mjane aliyepigwa picha mbele ya kifusi cha nyumba yake alikuwa ametoa kitu, nacho ni uso wake. Bila uso ule hundi zisingekuja.

Juu ya bati maneno machache yatosha. Sheria ya madini ya Tanzania, kwa marekebisho ya mwaka 2017, humtaka mwenye haki ya madini kupanga kila mwaka, kwa mapatano na halmashauri, mambo atakayoifanyia jamii. Hivyo fadhili imegeuzwa sheria, na hilo ni afadhali, maana deni lililoandikwa halihitaji tarumbeta. Ajabu ni sheria iliyotoka mbali zaidi. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, yenye kifungu kinachozitaka kampuni zinazotumia bati na madini mengine matatu kueleza kama yametoka Kongo au nchi zinazopakana nayo, ili yasigharimie vita. Tanzania inapakana na Kongo katika Ziwa Tanganyika. Kwa kalamu hiyo mchimbaji mdogo wa Kyerwa, ambaye hakuwahi kuiona vita ile, aliingizwa katika daftari la kushukiwa, na ikawa ni juu yake kuthibitisha kwamba mchanga wake hauna damu. Waliotunga sheria walikuwa na nia safi kuliko mwenye duka wa Kant. Ila mchimbaji wa Kyerwa hakuwamo chumbani walipokuwa wakipima nia yao.

Linabaki neno moja ambalo wanafunzi wa elimu hii hulitumia kila siku bila kulifungua: umma. Mwalimu huwaambia, jueni kwanza umma wenu ni nani. Katika mashamba ya Karagwe na Kyerwa jibu jepesi ni mkulima, na mkulima katika orodha ya chama aghalabu ni mwanamume, kwa kuwa mibuni hufuata ardhi na ardhi kwa mila hufuata ukoo wa kiume. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka mkoa huu wa Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alihukumu kwamba mila ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi ilikuwa kinyume cha katiba. Hukumu ile ni mashuhuri katika vitabu vya sheria. Mapatano ya butura hufungwa jioni, nje ya nyumba, kati ya wanaume wawili, na fedha hupita mkono kwa mkono. Miezi mitatu baadaye mke na watoto hushika vikapu kwenda kuchuma, na siku hiyo ndiyo mara nyingi mke hupata habari kwamba kahawa anayoichuma ni ya mtu mwingine.